Mutuele ya afya: tusiache mchango kwa sababu ya ahadi

Wapendwa wa Butembo na Beni, tangu Septemba 2023, serikali ilipoanzisha Kinshasa matunzo ya bure kwa mama anayejifungua na mtoto mchanga, wengine kati yetu wanauliza: kwa nini tuendelee kulipa mutuele ya afya? Wanaokusanya michango wana mashaka, na hawana ubishi tu. Wanakumbuka Ebola ya 2018 hadi 2020: kwetu matunzo mengi yalikuwa bure, kisha wagonjwa wakaanza tena kulipa.

Tuelewe namna mutuele inavyofanya kazi. Wengi wanatoa kidogo wakiwa wazima, ili wachache wanaougua watunzwe bila kuuza shamba. Wazima wakiacha kutoa, wagonjwa peke yao hawawezi kujaza sanduku. Sheria ya nchi ya Februari 2017 inatambua mutuele. Basi mpango wa serikali unaweza kusimama pamoja nazo.

Kwa hiyo tuulize kwenye kituo cha afya: huduma gani ni bure leo, na nani anailipia? Mpaka tupate jibu wazi, tuendelee kutoa. Paulo aliwafundisha Wagalatia kubebeana mizigo, na mgonjwa wa leo hawezi kungojea.