Kutuliza roho kwa njia ya simu: zoezi la umakinifu linasaidia wapi, na linaishia wapi?

Ni saa nane ya usiku. Mulio wa risasi umenyamaza tangu siku mbili, watoto wamelala, lakini mama wa nyumba iko macho. Roho inapiga mbio, kichwa kinarudilia swali moja tu: «Kesho itakuwa namna gani?» Hali hii inajulikana katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Beni ao Bunia. Mama anashika simu, anatafuta kitu cha kupunguza mawazo, anakuta sauti yenye kumwambia akae kimya na kufuata pumzi yake. Ni musaada wa kweli, ao ni kumaliza mega bure?

Umakinifu ni nini?

Ni kuzoeza akili kuangalia kile chenye kutokea sasa hivi, katika mwili na katika mawazo, bila kukikimbia na bila kujihukumu. Si kufukuza mawazo. Mutu mwenye kujilazimisha asiwaze deni lake ataliwaza mara mbili.

Woga, hasira na huzuni vinakuja vyenyewe. Lakini juu yake mutu anaongeza muzigo wa pili: kujilaumu, kurudilia maneno ya jana, kutunga mabaya ya kesho. Muzigo huo wa pili ndio zoezi linajaribu kupunguza. Mwenye kusema «nimeisha» anaanza kujifunza kusema «ninaona wazo lenye kuniambia kama nimeisha». Tofauti inaonekana ndogo, lakini inamupa nafasi ya kupumua mbele ya kujibu, mbele ya kupiga mtoto, mbele ya kutafuta pombe.

Mafunzo haya yaliingia katika hospitali mwaka 1979, kule Marekani. Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, aliyatengeneza kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Aliyatoa katika desturi ya Wabudha, lakini aliyafundisha bila ibada yoyote. Ndiyo sababu mukristo ao mwislamu anaweza kuyafanya na kuendelea na sala zake.

Je, kwa intaneti inafanya kazi?

Mwaka 2020, watafiti wa Marekani na Kanada walitoa matokeo juu ya watu wazima 460 wenye kubakia na alama za ugonjwa wa huzuni. Wale walioongeza masomo ya umakinifu kwa intaneti juu ya matunzo yao ya kawaida walipata nafuu kuliko wale waliobaki na matunzo ya kawaida peke yake. Neno la kushika hapa ni «walioongeza»: hawakuacha muganga wala dawa.

Mufano wa karibu zaidi unatoka Uganda. Katika kambi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi kutoka Sudani ya Kusini walifuata mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa wiki 5. Haikuwa kwa intaneti: walikaa kwa vikundi, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa na kutazama kitabu cha picha. Waongozaji hawakuwa waganga wa akili. Miezi mitatu kisha mafunzo, mateso yao ya moyo yalikuwa yamepungua kuliko ya wanawake ambao hawakuyafuata. Kumbe sauti iliyorekodiwa inaweza kubeba somo hili, hata kwa mutu asiyejua kusoma. Mwaka 2020 shirika hilo liliweka kwa intaneti kitabu cha picha pamoja na sauti za mazoezi, bure kabisa.

Namna ya kuanza

Dakika tatu zinatosha.

1. Kaa vizuri, miguu yote miwili chini. Jiulize: ninasikia nini sasa? Taja jina lake polepole: «huu ni woga», «hii ni hasira».
2. Fuata pumzi yenye kuingia na kutoka. Akili ikitoroka, irudishe bila kujigombeza. Itatoroka mara mingi. Kuirudisha ndiyo zoezi lenyewe.
3. Panua uangalifu kwa mwili wote: mabega, tumbo, miguu. Kisha tazama mahali uliko na uchague kazi moja ndogo ya kufanya.

Dakika hizo kila siku ni bora kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi. Kwa kupunguza gharama, sauti inaweza kushushwa mara moja kwa mutu mwenye mega, kisha wengine wanaipitisha kwa Bluetooth. Baadaye inasikilizwa bila intaneti, hata kwa simu ndogo yenye kadi ya kumbukumbu. Programu yenye kudai malipo na kuahidi kuponya kila kitu, iachwe.

Pale ambapo simu haitoshi

Kwa mutu aliyeona mauaji ao aliyetendewa ukatili, kufunga macho kunaweza kurudisha picha zile. Yeye afanye zoezi macho wazi: akanyage chini kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona, ashike kitu cha baridi. Hali ikizidi, aache. Kuacha si kushindwa.

Mwenye kuwaza kujiua, mwenye kukosa usingizi kwa wiki mingi, ao mwenye kushindwa kula na kutumika, anapaswa kufikishwa kwenye kituo cha afya, na asiachwe peke yake. Aliyebakwa aende kituoni haraka sana, mbele ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inategemea muda huo.

Umakinifu hauzuii bomu, haulipi deni, na haumuombi mutu akubali uonevu. Hatari ikiwa mulangoni, kazi ya kwanza ni kukimbia. Lakini usiku ule ambapo hatari imepita na moyo ungali unapiga mbio, mama anaweza kukanyaga chini, kuhesabu pumzi zake, na pengine kupata usingizi kidogo mbele ya kuche. Asubuhi watoto watamuhitaji akiwa na nguvu.