Uchovu Wakati wa Masomo

Mara nyingi waseminari wanatuuliza: «Padri, nifanye nini siku ile nataka kusoma, lakini nguvu hazipo?» Ulizo hili si la waseminari peke yao. Padri aliyerudi kutoka safari ya vijijini analijua. Katekista aliyelima mchana kutwa, anayetayarisha mafundisho usiku, analijua vilevile. Basi tulitazame vizuri.

Kwanza tutenganishe mambo mawili: uchovu wa mwili na uchovu wa roho. Mwenye malaria, au asiyelala, au asiyekula vizuri, asijihukumu kuwa mvivu. Atafute dawa, apumzike. Mtakatifu Toma wa Akwino, alipoeleza katika Summa yake dawa za huzuni, alihesabu hizi: furaha, machozi, huruma ya rafiki, kuutazama ukweli, na mwisho usingizi pamoja na kuoga. Mwalimu mkubwa namna hii hakuona haya kutia kulala na kuoga katika kitabu cha teolojia. Roho inakaa pamoja na mwili. Mmoja akiumia, mwenzake anasikia.

Uchovu wa pili ni mwingine. Wazee wa jangwa la Misri waliuita akedia. Evagrius, mmonaki aliyekufa mwaka 399, anaueleza kama jaribu la mchana: toka saa nne hata saa nane jua linaonekana kama limesimama, na mmonaki anachungulia kama kuna mgeni anayekuja. Akisoma, anapiga miayo, anahesabu kurasa zilizobaki, kisha anakunja kitabu, anakilalia. Nani kati yetu hajitambui hapa? Alama yake ni hii: rafiki akija kuzungumza, usingizi wote unakimbia.

Dawa zake ni tatu.

Ya kwanza: tuanze na kidogo. Ukurasa mmoja, kalamu mkononi. Anayengojea hamu ije kwanza atangojea hata jioni. Mara nyingi hamu inakuja nyuma ya kazi.

Ya pili: tusihame. Evagrius aliwakataza wamonaki kuacha chumba chao saa ya jaribu. Tubaki kitini, lakini tugeuze namna ya kusoma: tuandike kwa ufupi, tusome kwa sauti ndogo, tumweleze mwenzetu.

Ya tatu, iliyo kubwa: tukumbuke tunasoma kwa ajili ya nani. Siku moja kijijini, mama aliyefiwa na mtoto asiyebatizwa alituuliza: «Padri, mtoto wangu yuko wapi?» Tulijibu maneno ya haraka, yasiyo na faraja. Jambo hilo tulikuwa tumelisoma zamani, mchana mmoja wa jua kali, tukihesabu kurasa. Usiku tulifungua kitabu tena: Eklezia inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokoke, na inatumaini kwamba iko njia ya wokovu kwao. Kesho yake tulirudi kumwambia. Alilia, akashukuru. Lakini usiku ule mmoja alilala bila faraja, kwa sababu ya usingizi wetu wa zamani. Tangu siku ile, tukichoka mbele ya kitabu, tunamwona mama yule.

Na mwenye akili nzito asikate tamaa. Mtakatifu Jean-Marie Vianney alishindwa na Kilatini katika seminari, akarudishwa. Padri Balley, paroko wa Écully, alimfundisha kwa uvumilivu, na mwaka 1815 Vianney alipata upadri, akiwa na miaka 29. Hata kisha ya upadri aliendelea kusoma kwa mwalimu wake. Mapadri leo wanamheshimu kama msimamizi wao.

Basi, ndugu, kesho kengele ya masomo ikilia, na mwili ukisema «bado», tufanye alama ya msalaba, tufungue kitabu, tusome ukurasa mmoja. Watu watakaotuuliza wako njiani.