Sevisi ya Ekskaveta: Pesa Iende Wapi?

Mwenye ekskaveta moja ya tani 20, aliyoinunua mtumba na anaikodisha kwa saa, ana njia tatu za kuitunza: mkataba wa sevisi na wakala wa kampuni iliyoiunda, fundi wa kujitegemea anayekuja kwa ratiba, au kungoja iharibike. Wengi wako kwenye hiyo ya tatu, kwa sababu miezi ya mwanzo haiwatoi hata shilingi.

Gharama yake huja kwa mkupuo. Mashine ikizima machimboni, matipa yanapanga foleni, opereta analipwa akiwa amekaa kivulini, na mteja anatafuta mashine nyingine. Baya zaidi ni pampu ya haidroliki. Ikisagika, chembe za chuma husambaa hadi kwenye vali na silinda. Ukifunga pampu mpya bila kusafisha mfumo mzima, utaiua na hiyo mpya.

Mawakala, kama Mantrac kwa Caterpillar, wanakupa spea halisi na kumbukumbu za sevisi ambazo mnunuzi wa kesho atazithamini. Bei yao iko juu, na safari ya fundi wao hadi porini ni juu yako. Kama mashine ni mpya na ina dhamana, lipa bila kusita. Kwa mashine iliyokwisha kufanya saa 12,000, mimi ningemchukua fundi wa kujitegemea, kwa sharti kwamba anafuata mita ya saa na kitabu cha mashine, si kumbukumbu zake kichwani.

Tuseme mashine inafanya saa 2,000 kwa mwaka, na kitabu kinataka oili ya injini imwagwe kila saa 250. Hizo ni sevisi nane. Ukisogeza hadi saa 500, umeokoa nne, na umeiweka injini nzima rehani kwa bei ya oili na filta nne.

Ukibana matumizi, usibane kwenye filta. Ya hewa hasa: kuipuliza kwa kompresa kila jioni kunachana karatasi yake mahali usipopaona, na vumbi linaingia moja kwa moja kwenye ringi na silinda. Ile ya oili, mwambie fundi aipasue mbele yako na kuikunjua karatasi juani. Ukiona vipande vinavyometa rangi ya shaba, beringi zimeanza kulika, na bado una nafasi ya kuokoa krenki. Kupeleka kichupa cha oili maabara ni nafuu zaidi ya kufungua injini: silikoni ikizidi, vumbi linapenya, sodiamu ikipanda, huenda maji ya rejeta yanavujia ndani.

Halafu kuna cheni na rola zake. Kwa mashine za cheni, huko chini kunaweza kula hadi nusu ya gharama zote za matengenezo, na kinga yake kubwa ni kazi ya mikono: kuchokoa matope jioni kabla hayajakauka, kutokaza cheni kupita kiasi, na kuipakia mashine kwenye lobedi badala ya kuitembeza kilomita nyingi. Hayo, pamoja na kupiga grisi kila siku, yako mikononi mwa opereta. Anayelipwa kwa saa za kuchimba tu atayaruka. Mlipe na nusu saa ya asubuhi.