Sindano Mikononi mwa Watoto

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka masomo ya shule yafungamane na kazi. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari, na ushonaji umo. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kwa nini mtoto wa Tunduma angojee kidato cha kwanza, ilhali mji wake umejaa mitumba inayohitaji kupunguzwa, kutiwa vifungo na kukunjwa pindo?

Na aanze kwa sindano ya mkono, kidole kikiwa na subana. Apige bandi juu ya kitambaa chakavu, aifumue, apige tena hadi mshono unyooke. Cherehani ije baadaye, kwani hukimbia na kosa kabla mwanafunzi hajaliona.

Wapo wasemao hiyo ni kazi ya wasichana. Ndugu hao wapite barazani, wahesabu wanaume waliosomesha watoto wao kwa cherehani.

Kamati za shule za Tunduma, Mlowo na Vwawa hazina haja ya kungoja fungu maalumu. Sindano na uzi hupatikana dukani. Vitambaa chakavu vimo katika kila nyumba.