Mti wa Mjini ni wa Nani? Mpango wa Muda Mrefu wa Kutunza Miti katika Mji wa Migwani

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, huenda likaonekana kuwa mbali na taaluma yetu ya Kiswahili: namna mji unavyoweza kupanga utunzaji wa miti yake kwa miaka thelathini, arubaini au hata hamsini ijayo. Tumeuchagua mji mdogo wa Migwani, ulioko katika Kaunti ya Kitui kwenye barabara iunganishayo Kitui na Mwingi, kwa sababu mbili. Kwanza, Migwani ni mji ambao ungali unakua, na mpango wa miti hufaa zaidi kabla mji haujajaa. Pili, Migwani iko katika eneo kame, ambako mti wa barabarani ukifa hauoti mwingine kwa bahati. Yeyote aliyewahi kusubiri gari hapo katika jua la Septemba anajua thamani ya kivuli bila kuhitaji kuelezwa na mtafiti.

Tuanze na kitenzi. Nchini Kenya, mazungumzo ya hadhara kuhusu miti yametawaliwa na kitenzi kimoja tu, nacho ni kupanda. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupata miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Kupanda ni tendo lenye mwanzo na mwisho wake. Huweza kukamilika kwa dakika tano, na picha ikapigwa. Kutunza, kulea na kukuza ni vitenzi vya namna nyingine, kwani havina siku ya kilele. Wazungumzaji wa Kikamba nao wana kuvanda, yaani kupanda, na kusuvia, yaani kutunza na kulinda. Mwandishi wa makala haya ameona picha nyingi za waheshimiwa wakiwa wameshika sepetu, lakini hajapata kuona hata moja ya mtu anayemwagilia mche huohuo mwezi wa Agosti.

Isidhaniwe kwamba Wakamba hawajui kutunza miti. Ushahidi uliopo ni kinyume chake. Utafiti mashuhuri wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, idadi ya watu iliongezeka takribani mara tano baina ya miaka ya 1930 na 1990, ilhali mashamba yalizidi kuwa na matuta na miti. Watu waliongezeka, na miti ya shambani ikaongezeka pamoja nao. Sababu mojawapo iko wazi: mti wa shambani una mwenyewe. Yeye ndiye aliyeupanda au aliyeuacha usimame wakati wa kufyeka, ndiye atakayeuza mbao zake, na ndiye atakayegombana na jirani ambaye mbuzi wake wameuguguna.

Zamani hata mti usiokuwa wa mtu binafsi ulikuwa na walinzi wake. Katika ithembo, yaani mahali patakatifu pa kutolea sadaka, aghalabu palikuwa na mti mkubwa wa jamii ya mikuyu, kama vile muumo au mukuyu, na haukuruhusiwa kukatwa. Tukiiacha imani yenyewe kando, tukatazama mpangilio wake tu, tunapata mambo matatu: mahali panapojulikana, kanuni inayoeleweka na wazee wenye dhamana ya kuisimamia. Mti uliweza kuishi vizazi kadhaa kwa kuwa dhamana hiyo ilirithiwa. Sasa tuuangalie mti ulio mbele ya duka mjini. Mwenye duka husema ni wa kaunti. Afisa wa kaunti husema uko katika hifadhi ya barabara. Wahandisi wa barabara wanauona kama kizuizi, na kampuni ya umeme huona matawi yanayogusa nyaya. Wanaokaa chini yake, yaani mama anayeuza ndizi, kijana wa bodaboda na msafiri, ndio wanaouhitaji zaidi, ilhali hakuna anayewauliza. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba mpango wa muda mrefu wa miti ya mji, kabla ya kuwa suala la mbegu na miche, ni suala la kuupa kila mti mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni daftari. Mji haujui una nini mpaka uhesabu. Kila mti ulioko mahali pa umma huandikwa: jina lake, mahali ulipo, unene wa shina, hali ya afya, kilicho juu yake (nyaya, paa) na kilicho chini yake (bomba, msingi wa nyumba). Safu ya mwisho ni ya mtu au kikundi chenye dhamana. Katika mji wenye ukubwa wa Migwani, kazi hii haihitaji setilaiti. Watu wanne wenye kamba ya kupimia wanaiweza.

Daftari likishakuwapo, hesabu rahisi huanza kusema mambo ambayo hotuba haziyasemi. Tuchukue mfano wa kubuni: mji una miti 400, na kwa wastani kila mmoja huweza kuishi barabarani miaka 40. Ili idadi isishuke, ni lazima miti 10 ipandwe na ikue kila mwaka, kila mwaka bila kukosa. Mji ukipanda yote 400 katika siku moja ya sherehe, utakuwa umepanga pia siku ambayo yote itazeeka pamoja. Mpango mzuri huchanganya umri kama ukoo unavyochanganya babu, baba na mjukuu.

Aina za miti nazo zichanganywe. Mtaalamu wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka 1990 kwamba katika miti ya mji, spishi moja isizidi asilimia 10 ya jumla, jenasi moja isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Hofu yake ilikuwa magonjwa na wadudu. Wakenya wenye umri wa kutosha hawahitaji mfano wa Marekani. Mwaka 1990 vidukari wa saiprasi waliingia nchini, na nyua na mashamba ya miti hiyo yakakauka mbele ya macho ya wenyewe. Miji yetu ya nchi kame ina mazoea ya kupanda mwarobaini tu, pengine na mjohoro kidogo. Mwarobaini ni mti mwema: huvumilia ukame na hutoa kivuli kizito. Lakini mji wenye mwarobaini pekee umeweka mayai yake yote katika kapu moja.

Mbadala upo, tena wa nyumbani. Upo mkwaju, upo mgunga ambao Wakamba huuita mulaa, upo muuku, na upo mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii. Huu wa mwisho unastahili tuukalie kidogo. Mukau hutoa mbao ngumu zisizoliwa kwa urahisi na mchwa, na hukua upesi kwa kiwango cha miti ya ukame. Tatizo lake kwa muda mrefu lilikuwa mbegu, kwani imefungwa ndani ya kokwa gumu na haioti kwa kuzikwa tu. Wakulima walikuwa wakiokota makokwa katika mazizi ya mbuzi, baada ya mbuzi kula matunda. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ambayo ina kituo Kitui, ilieneza njia ya kulipasua kokwa na kuikwaruza mbegu kwa uangalifu. Kuanzia mwaka 2012, kwa ushirikiano na Japani, ilichagua miti bora ya mukau na kuanzisha mashamba ya mbegu huko Kitui na Kibwezi. Kwa hiyo Migwani haina haja ya kutafuta miche mbali. Hata hivyo, mukau hupukutisha majani. Usipandwe peke yake mahali ambapo watu wanahitaji kivuli mwaka mzima.

Tahadhari moja ya haraka: si kila mti unaovumilia ukame ni rafiki. Mathenge uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980 ulienea hadi wakazi wakaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kuwa ushahidi.

Maji ndiyo kikwazo kinachotajwa kwanza na watu wa Migwani, na ni haki yao kukitaja. Mche wa mjini hufa hasa katika misimu ya kiangazi ya mwanzo, kabla mizizi haijashuka. Hapa tena hesabu inasaidia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati lenye mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 1,200. Mche mmoja ukipewa lita 10 kila wiki kwa wiki 20 za kiangazi, utatumia lita 200. Maana yake ni kwamba mvua moja nzuri, juu ya paa moja la duka, maji yake yakihifadhiwa, yaweza kuvusha miche sita. Hali kadhalika, maji yanayotiririka juu ya lami, badala ya kuchimba makorongo, yanaweza kuelekezwa kwenye mashimo ya miti. Kitui imejulikana duniani kwa mabwawa ya mchanga. Itakuwa ajabu wenyeji wa ustadi huo washindwe na maji ya paa.

Na wakati wa kupanda? Ukambani, mvua za Novemba ndizo za kutegemewa zaidi. Mche ukipandwa Aprili kwa sababu wageni walipatikana Aprili, hukutana na kiangazi kirefu ungali mchanga.

Sheria haikosi. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka dola ifanye kazi ya kufikisha na kudumisha miti katika asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13, lakini asilimia ya taifa haimpi kivuli anayesubiri gari. Iliyo karibu zaidi na suala letu ni Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, inayozitaka kaunti zianzishe na kutunza bustani na maeneo ya kijani kwa ajili ya wakazi, na kuwataka wajenzi wa mitaa ya makazi watenge angalau asilimia 5 ya ardhi yao kwa kusudi hilo. Kikwazo kiko katika kalenda. Mpango wa maendeleo wa kaunti ni wa miaka mitano. Ule wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mti wa miaka 40 hupitia mipango minane ya namna hiyo, na magavana wasiopungua wanne. Ndiyo maana daftari la miti linafaa kupitishwa na bunge la kaunti na kuwa na fungu lake dogo la fedha kila mwaka, la kupogolea, kumwagilia na kubadilisha miti iliyokufa, badala ya kutegemea mapenzi ya kiongozi.

Nairobi inatupa mifano miwili ya kutegemea mtu. Sifa yake ya miti ya jakaranda na maua ya bogenvilia ilijengwa kwa kiasi kikubwa na Peter Greensmith, aliyeiongoza idara ya bustani ya jiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa na kitalu, wafanyakazi na muda mrefu. Mfano wa pili ni wa Novemba 2020, mugumo mkubwa kando ya Waiyaki Way ulipookolewa kwa amri ya rais usikatwe kupisha barabara ya juu. Tulifurahi sote. Lakini miti mingine mingi kwenye njia hiyohiyo ilianguka, kwa kuwa haikuwa maarufu. Amri ya rais haiwezi kutolewa kwa kila mti.

Barabara ya lami itokayo Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui imekwisha kufika Migwani, na pamoja na lami huja mitaro, nguzo na bei mpya za ploti. Safu ile ya mwisho ya daftari, ya mwenye dhamana, ijazwe sasa. Jamii inayo tayari asasi ya kazi ya pamoja, yaani mwethya, iliyochimba matuta ya mashamba. Kikundi kimoja kikipewa miti ishirini na tangi moja la maji, pamoja na haki ya kuvuna matunda na kuni za kupogolewa, kitakuwa na sababu ya kuja Agosti.

Na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoitwa. Majina ya mahali yanatukumbusha: Mukuyuni ya Makueni, Mikocheni ya Dar es Salaam na Miembeni ya Unguja yote yamejengwa kwa mti na kiambishi kilekile -ni, Kikamba na Kiswahili wakishirikiana bila mkutano wowote. Lakini katika safu ya kwanza ya daftari tutaandika nini? Mulaa una mgunga kwa Kiswahili, na kithumula una mkwaju. Mukau je? Maoni ya mwandishi ni kwamba uandikwe mukau, wingi mikau, ngeli ya U-I, uingie katika kamusi zetu jinsi ulivyo. Fundi wa mbao wa Kitui hulitumia jina hilo kila siku, na mtunza mti hawezi kuwajibikia jina asilolijua. Likizo ya Novemba inakaribia na mvua zake. Daftari la kurasa 48, penseli na kamba ya mita tano vinatosha kuanzia stendi ya magari, upande wenye kivuli.