Sheria inayoanza kuhesabu kwenye ishirini

Msimu wa kahawa ukifika, kuanzia Bukoba hadi Muleba maganda huanikwa kila uwanja unaopata jua. Kwa mfanyakazi mwenye ualbino jua hilo ni saratani ya ngozi inayomnyemelea. Kazi anaiweza: kupima kwenye mizani, kuandika daftari, kusimamia ghala. Anachohitaji ni kivuli, kofia pana na zamu isiyomweka uwanjani saa saba mchana. Mambo hayo matatu ni deni la mwajiri, na sheria iwe na nguvu ya kulidai.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi kutenga asilimia 3 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu wenye sifa. Tupige hesabu. Asilimia 3 ya 20 ni 0.6; mtu mmoja kamili anapatikana wafanyakazi wakifika 34. Sasa pita mialo ya dagaa ya Muleba, kisha gereji, maduka na vibaraza vya mafundi cherehani mjini Bukoba, uulize nani ameajiri watu 20. Kijana kiziwi aliyesomea shule ya viziwi ya Mugeza anarudi kwenye mtaa ambao kipengele hicho hakiufikii.

Kinachomfikia ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hicho kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu bila kuuliza biashara ina watu wangapi, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Tena, mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kinyume unahamia kwa mwajiri. Ni ngao kubwa, na inasikitisha kwamba wengi wanaoihitaji hawajawahi kusomewa.

Tatizo jingine ni muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine siku 60. Siku 30 ni chache kwa anayetafuta mkalimani wa lugha ya alama, au anayedunduliza nauli ya mtumbwi na basi kutoka kisiwani.

Njia yenyewe ya kwenda kazini nayo ina hofu. Mei 30, 2024, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao Kamachumu, Muleba. Juni akapatikana ameuawa. Mama mwenye ualbino anayetakiwa kazini alfajiri anapita njia za wilaya hiyohiyo, gizani.

Kwa hiyo Bunge lishushe kiwango cha wafanyakazi 20, na serikali imlipe mkalimani mbele ya Tume. Nawe uliyeachishwa kazi wiki hii kwa sababu ya ulemavu wako, usingoje mabadiliko hayo: siku zako 30 zimeshaanza kuhesabiwa.