Moyo wa Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake
Mama aliyejifungua kabla ya majuma 37, asikiapo shinikizo la damu la mwanawe, hudhani amekwisha kumpoteza. Lakini mtoto wa majuma 28, siku ya kwanza, wastani wake hukaribia milimita 28 za zebaki tu, wala si ajabu.

Namba peke yake haitoshi. Muuguzi hodari huhesabu mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida ni 120 hadi 160 kwa dakika, akabonyeza ngozi aone damu inavyorudi. Pengine mshipa uliounganisha mishipa mikuu tangu tumboni hukawia kuziba, damu ikafurika mapafuni. Daktari huutambua kwa kipimo cha mawimbi ya sauti.

Baba atokapo zamu, na aulize kama mtoto amekojoa: figo zikikosa damu, mkojo hupungua.